Kabla ya kununua mafuta, nunua mizani

Je, msomaji, umewahi kusimama mbele ya kioski ukaomba sabuni ya shilingi kumi? Kama wewe ni mkazi wa Lindi, jambo hili si geni kwako. Hatusemi ile Lindi ya pwani ya kusini mwa Tanzania, bali kijiji cha Lindi kilichoko Kibera, hapa jijini Nairobi. Mwenye duka hukukatia kipande kutoka kwa mche mrefu, au hukumiminia sabuni ya maji katika chupa uliyokuja nayo. Siku umeme unapopotea, unarudi kwake kuomba mshumaa mmoja.

Ukiwa njiani kurudi nyumbani unajiuliza: "Mbona nisitengeneze mwenyewe, niwauzie majirani?"

Ni wazo zuri, na wengi wamelifikiria kabla yako. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini na kila mtu akaambiwa anawe mikono, vikundi vya akina mama na vijana vilianza kukoroga sabuni ya maji huko Kibera, Kawangware na mitaa mingine. Baadhi yao wangali sokoni. Wengine waliishia kubaki na ndoo tupu na deni la chama.

Ukitaka kuwa miongoni mwa wale wa kwanza, usianze na mafuta, manukato wala vibandiko vya kupendeza. Anza na mizani. Tafuta mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Hiyo ndiyo itakayokulinda usiunguze ngozi ya mteja, na hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama unapata faida au unajidanganya.

Anza na sabuni ya maji

Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, sabuni ya maji ndiyo mlango rahisi. Haihitaji moto, na ukiikoroga leo kesho unaiuza.

Nenda katika maduka ya kemikali mjini uulize Ungerol. Ni uji mzito unaoteleza, nao ndio unaotoa povu na kuondoa mafuta kwenye vyombo. Kwa lita 20 za maji unahitaji kilo moja ya Ungerol, nusu kilo ya chumvi, rangi kidogo, manukato na dawa ya kuhifadhi ili sabuni isioze. Ndoo yako iwe kubwa kuliko lita 20, maana povu litapanda.

Tia Ungerol ndani ya ndoo pamoja na nusu ya ile chumvi. Koroga kwa mwiko hadi igeuke nyeupe. Kisha ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga, bila haraka. Chumvi iliyobaki iyeyushe kando katika maji, uitie polepole huku ukitazama sabuni inavyozidi kuwa nzito. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Chumvi huifanya sabuni iwe nzito, lakini ikizidi kipimo sabuni hurudi kuwa nyepesi kama maji. Ukiona imefikia uzito unaoutaka, acha, hata kama chumvi imebaki. Tia rangi, manukato na dawa ya kuhifadhi, funika, na uiache ilale hadi povu litulie.

Andika ulitia gramu ngapi za kila kitu. Mteja aliyependa sabuni ya wiki hii atataka ileile wiki ijayo. Ukikisia, utampa nyingine kabisa.

Sabuni ya kipande

Sabuni ya kipande ni kazi ya zamani kuliko viwanda. Mama aliyelelewa Kakamega au Vihiga anajua kuchuja maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ili kulainisha mrenda. Maji hayo yana alkali, na ni alkali ya namna hiyo, inayotoka katika majivu, ambayo watu wa zamani waliipika pamoja na mafuta wakapata sabuni laini. Nanyi wanafunzi mnaosoma kemia mnalijua somo hili: mafuta yakikutana na alkali kali hugeuka kuwa sabuni na glaserini.

Siku hizi alkali inayotumiwa ni kostiki soda, yaani sodiamu haidroksidi. Usiichanganye na magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi na kuuzwa sokoni kwa ajili ya mboga. Magadi hayo hayana nguvu ya kugandisha sabuni kwa njia nitakayoeleza. Nunua kostiki soda safi, isiyotiwa vitu vingine. Dawa nyingine za kuzibua mabomba zina mchanganyiko usiofaa.

Kwa kuanzia, pima hivi: mafuta ya ng'ombe yaliyosafishwa gramu 700, mafuta ya nazi gramu 300, kostiki soda gramu 144 na maji gramu 320. Mafuta ya ng'ombe huifanya sabuni iwe ngumu. Ya nazi huleta povu. Ukikosa ya ng'ombe, mafuta magumu ya mawese yanaweza kushika nafasi yake kwa kipimo hichohicho. Lakini ukibadilisha na ya alizeti au mengineyo, kipimo cha kostiki hubadilika pia, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake cha alkali.

Wakazi wa Kawangware hawako mbali na machinjio ya Dagoretti, na kila mtaa una bucha. Omba mafuta yale meupe yanayotupwa. Yachemshe katika maji yenye chumvi kidogo, uyachuje kwa kitambaa, uyaache yapoe. Mafuta safi yataganda juu na uchafu utabaki chini.

Sasa pima maji katika chombo cha plastiki imara au chuma kisichoshika kutu. Nyunyiza kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usifanye kinyume chake! Ukimwaga maji juu ya kostiki, mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji hayo yatakuwa moto mno yenyewe bila jiko. Yaache nje yapoe hadi yawe vuguvugu. Yeyusha mafuta nayo yawe vuguvugu, kisha mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta polepole, ukikoroga hadi mchanganyiko uwe kama uji mzito unaoacha alama mwiko unapopita. Hapo tia manukato, umimine katika kisanduku cha mbao kilichotandikwa karatasi isiyopenya mafuta, au katika pakiti ngumu za maziwa zilizooshwa.

Baada ya siku moja au mbili, vaa glavu, ukate vipande na kuvipanga mahali penye hewa. Kisha subiri wiki nne hadi sita. Naam, wiki! Katika muda huo sabuni hukauka, ikawa ngumu na laini kwa ngozi. Utapata takriban vipande 13 vya gramu 100. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini subira hii inahitaji mpango. Usitie pesa za kodi ya nyumba katika sabuni itakayouzwa mwezi ujao.

Kabla ya kuuza, lowesha kipande na ukipime kwa karatasi ya pH. Sabuni nzuri ya kipande husoma 9 hadi 10. Ikipita hapo sana, kostiki imezidi na inaweza kuchoma mtu. Ikiwa inateleza kwa mafuta na kunuka upesi, kostiki ilipungua. Makosa yote mawili huzaliwa na kukisia.

Hatari iliyo chumbani

Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo. Nyumba nyingi za Lindi ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Humo mnapikwa, mnalalwa, na watoto hufanya kazi ya shule. Kostiki soda haipaswi kukorogwa humo watoto wakiwamo. Tafuta ua, uwanja wa kanisa au msikiti, ama ukumbi wa kikundi, palipo na hewa.

Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Usitumie sufuria zetu za kawaida. Hizo ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi inayoshika moto. Ndoo na mwiko wa kazi hii visirudi jikoni tena.

Kostiki kavu hufanana na chumvi au sukari, na ikishayeyushwa hufanana na maji. Usiitie kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Mtoto mwenye kiu hataulizia. Akimeza funda moja anaweza kuungua koo hadi ashindwe kumeza chakula miaka mingi. Iache katika mkebe wake wenye jina, uufungie juu asikofika mtoto.

Ikimrukia mtu, mvue nguo iliyolowa na umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitalini. Akiimeza, usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja. Kwa hivyo usianze kazi kabla ya kuwa na mtungi mzima wa maji safi karibu nawe.

Mishumaa

Mishumaa haina kostiki, lakini ina moto. Unahitaji nta ya parafini, utambi wa pamba na vyombo vya kugandishia. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanaweza kukutengenezea vya bati. Ukichanganya gramu 900 za nta na gramu 100 za stiarini, mshumaa utakuwa mgumu na utatoka katika chombo bila taabu. Nta ya nyuki, inayopatikana kwa warina asali wa sehemu kama Kitui na Baringo, hutoa mshumaa wenye harufu nzuri, ila bei yake ni ya juu.

Usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko. Itie katika mkebe, na mkebe uwe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Chovya utambi katika nta kwanza, uunyooshe, uufunge katikati ya chombo, kisha mimina. Nta inapopoa hunywea na kuacha shimo karibu na utambi. Ongeza nyingine kidogo. Kama unataka rangi, tumia ile ya nta, kwani rangi ya keki haichanganyiki na nta. Nta ikishika moto, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Usimwagie maji, kwa maana moto utaruka hadi darini.

Soko la mishumaa, hata hivyo, limepungua kwa sababu ya taa za sola na simu zenye tochi. Ni kweli kwamba mwezi wa Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, mshumaa ulikuwa dhahabu. Lakini biashara haijengwi juu ya giza la usiku mmoja. Tafuta wanunuzi wa kudumu, kama vile makanisa, mikahawa na wanaoandaa sherehe. Na unapomuuzia jirani anayeishi katika nyumba ya mabati na mbao, mwambie ausimamishe mshumaa katika kisahani mbali na pazia, auzime kabla ya kulala. Moto wa nyumba moja hauishii kwa nyumba moja.

Utamuuzia nani?

Lindi ni soko la kadogo. Mteja hana pesa za chupa kubwa, lakini atarudi kila siku. Huko pima kwa kikombe kisichobadilika, na usimpunje mtu, kwani habari husambaa haraka vichochoroni. Kawangware nayo ina soko la namna hiyo, na zaidi ya hapo imepakana na Lavington. Mwenye kuvuka barabara na sabuni ya nazi iliyokatwa vizuri, au mshumaa wa nta ya nyuki, anaweza kupata mteja anayelipia ubora.

Ukipanuka hadi kutaka kuingia madukani, utahitaji leseni ya kaunti na alama ya ubora kutoka kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Shirika hilo lina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Ulizia mapema, na ikiwezekana mwende kama kikundi ili mgawane gharama.

Sasa turudi kwenye mizani, safari hii ya pesa. Huu ni mfano tu. Weka bei za siku yako. Tuseme Ungerol na vinginevyo vimekula shilingi 450, maji shilingi 10 na nauli ya mjini shilingi 140. Jumla ni shilingi 600 kwa lita 20, yaani shilingi 30 kwa lita. Ukiuza lita kwa shilingi 60 utapata 1,200, na faida ni 600. Lakini lita mbili umefulia nguo zako, na nyingine mbili umemkopesha jirani akasahau. Zilizouzwa ni lita 16, pesa ni shilingi 960, na faida imeshuka hadi 360. Hapo bado hujajilipa siku mbili za kuzungusha mitungi.

Usiponakili hayo utashangaa mbona ndoo inaisha upesi na mfuko haujai. Kwa hivyo, pamoja na mizani, nunua daftari la shilingi chache. Ukurasa wa kushoto andika gramu, wa kulia andika shilingi. Kama una mwana aliye sekondari, mpe kazi hiyo. Atajifunza hesabu na kemia kwa pamoja, nawe utapata karani asiyedai mshahara.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi Jumatatu, kabla ya kuuliza bei ya mafuta, uliza bei ya mizani.