MAJI YANAYOINGIA NDANI YA PIKAPU

Leo tuliache jembe kidogo, tuzungumze habari za pikapu, ile inayokuletea mbegu na mbolea, iwe yako au ya chama chenu cha ushirika. Masika yakianza, wengi huweka mfuko wa mbegu chini, miguuni pa abiria, wakidhani ni pakavu. Asubuhi zulia limelowa, na mfuko umelowa. Mbegu ya mahindi ikilowa hivyo huchipua mfukoni au huvunda, na mbolea ya yurea huganda mabonge.

Sasa, maji yamepita wapi? Usiulaumu mpira wa kioo kabla hujautazama mlango. Mlango wa gari, ndugu yangu, umetengenezwa upitishe maji. Kioo cha kupanda na kushuka hakizibi kabisa, kwa hiyo maji huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini ukingoni. Tope la shamba likiviziba, mlango hujaa. Ukiufunga utasikia maji yanacheza chwa, chwa! Kisha humwagikia ndani. Chukua kijiti chembamba uzibue. Halafu fungua ubao wa ndani wa mlango. Hapo pana nailoni, ambayo mafundi wengine huitupa wakitengeneza kioo, eti takataka. Takataka gani! Ndiyo inayoyazuia maji yasikufikie. Kama haipo, kata nailoni nzito, uibandike kwa gundi pande zote, na ncha yake ya chini iingie ndani ya mlango.

Mlango ukiwa mzima, ndipo uende kioo cha mbele. Mwenzako akae ndani na tochi. Wewe mwaga maji pole pole kwa kopo, ukianzia chini ya kioo na kupanda. Ukianzia juu, maji hutiririka kote, hutajua tundu liko wapi.

Kama kioo kimeshikwa na mpira, osha kwa maji ya sabuni, ukauke kabisa. Inua ukingo wa mpira kwa kijiti, si kwa bisibisi, usije ukapasua kioo, kisha utie gundi nyeusi ya vioo, ile isiyokauka ikawa ngumu. Petroli na mafuta ya taa yasiuguse mpira, huuvimbisha. Silikoni inayonuka siki nayo usiitie kwenye bati lisilo na rangi, italeta kutu. Mpira uliokakamaa na kupasuka, badilisha tu.

Magari mengi ya siku hizi kioo cha mbele kimegandishwa kwenye bodi yenyewe, nacho husaidia kulishikilia paa gari likipinduka. Hicho usikibandue, mwachie fundi wa vioo.

Mwisho toa zulia lote ulianike juani, maana sponji iliyo chini yake hukaa na maji siku nyingi, na sakafu ya bati inaoza huku huoni. Mfuko wa mbegu, kwa sasa, uweke juu ya kiti.