Furaha, raha au heri? Aristotle na maisha ya ughaibuni

Anayefika Porte de Namur mjini Brussels na kuingia Matonge, mtaa uliopewa jina la ule wa Kinshasa, hukuta vitenge, mihogo, samaki wakavu na maduka ya kutuma pesa. Huko nyumbani wengi huamini kuwa aliyefika Ulaya ameshapata furaha. Je, ni kweli?

Swali hilo lilijadiliwa Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Neno lao lilikuwa eudaimonia, na tukilitafsiri "furaha" tunalipunguza. Furaha huja na kuondoka. Raha ni ya mwili. Eudaimonia iko karibu zaidi na heri: kuishi vema na kutenda vema.

Aristotle (384-322 kabla ya Kristo) alifundisha kuwa mali si heri, kwani mali hutafutwa kwa ajili ya kitu kingine. Heri ni kutenda kwa wema maishani mwote, si siku moja. Hata hivyo hakudharau riziki, na alisisitiza kuwa hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki, hata akiwa na kila kitu. Zeno, mzaliwa wa Kition huko Cyprus, yeye alishikilia kuwa wema peke yake unatosha.

Lisilotajwa sana ni kwamba wote wawili walikuwa wageni mjini Athens. Aristotle alifika akiwa na miaka 17 akitokea Stagira. Hakuwa raia, hakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kupiga kura. Na bado ndiye aliyefundisha kuwa binadamu kwa maumbile yake ni kiumbe wa jamii.

Sisi tulio ugenini twalielewa hilo. Hapa Ubelgiji, sheria ya mwaka 2004 iliwapa wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haki ya kupiga kura za manispaa baada ya kuishi nchini miaka mitano na kujiandikisha. Walianza kuitumia mwaka 2006. Tarehe 30 Juni 2018, uwanja wa Patrice Lumumba ulizinduliwa kando ya Matonge. Hayo hayaongezi mshahara, lakini kuhesabiwa miongoni mwa watu ni sehemu ya heri.

Tulipoondoka, wazazi wetu walituambia "kwaheri". Hawakutuambia "kwa mali".