Nakala ya Mfalme

Alhamisi ya tarehe 25 Agosti 2022, magavana wengi wa Kenya, wa hapa Machakos akiwemo, waliapishwa. Utaratibu unajulikana: jaji wa Mahakama Kuu, maneno ya kiapo, na kwa mwenye dini, kitabu kitakatifu kilichoinuliwa umati ukione. Watu hushangilia sana wakati huo. Kisha kitabu hurudishwa mezani, na ni nadra kusikia mtu akiuliza kama aliyekishika amewahi kukisoma akitafuta yale yanayomhusu yeye kama mtawala.

Yamo. Kwa Wayahudi na Wakristo, chimbuko lake ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, kuanzia aya ya 14. Ni aya saba tu, na sehemu kubwa ni makatazo: mfalme asijirundikie farasi, asijirundikie wake, asijilimbikizie fedha na dhahabu. Farasi wa zama hizo walikuwa jeshi, wake walikuwa mikataba na mataifa jirani, dhahabu ilikuwa kodi ya wananchi. Kwa hiyo vitu vitatu ambavyo wafalme wa dunia ile walitambiana navyo vinawekewa mpaka kabla mfalme mwenyewe hajapatikana. Kazi anayoagizwa kuifanya kwa mikono yake ni moja: akishakaa kwenye kiti cha enzi, ajiandikie nakala ya sheria, akiinakili kutoka ile iliyo mbele ya makuhani Walawi, akae nayo na kuisoma siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukajiinua juu ya ndugu zake.

Ili kuuona uzito wa jambo hilo, linganisha na Babeli. Mfalme Hammurabi, katika karne ya 18 kabla ya Kristo, aliamuru sheria zake zichongwe kwenye jiwe refu jeusi, na juu yake yuko yeye mwenyewe amesimama mbele ya mungu jua. Pale mfalme ndiye anayewapa watu sheria. Katika Torati mfalme hatungi hata sheria moja. Anakuta sheria imetangulia, inatunzwa na watu wengine, naye anakaa chini kuiandika neno kwa neno kama mwanafunzi. Mimi naona nguvu yote ya agizo hili iko hapo. Sheria ya dini inamfikia mtawala kwanza kama kitu cha kumzuia yeye. Haimfikii kama fimbo ya kuwachapia wengine.

Habari za wafalme wenyewe zinaonyesha jinsi agizo lilivyovunjwa. Yosia alikuwa katika mwaka wa 18 wa utawala wake, yapata 622 kabla ya Kristo, kitabu cha sheria kilipopatikana hekaluni wakati wa ukarabati. Miaka yote hiyo alikuwa ametawala bila kukisoma. Shafani mwandishi alipomsomea, mfalme alirarua mavazi yake, akatuma watu kwa nabii mwanamke, Hulda, kuuliza itakuwaje. Kuna na habari ya Ahabu, ambayo sisi tunaozijua kesi za mashamba tunaielewa upesi. Alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake, mfalme akaenda kulala akiwa amenuna na kugoma kula. Alinuna kwa sababu alijua sheria iko upande wa Nabothi. Aliyempatia njia ni mkewe, Yezebeli, na njia yenyewe ilikuwa ya kidini kabisa: ikatangazwa saumu, wakaletwa mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akashtakiwa kwa kumtukana Mungu na mfalme, akapigwa mawe. Yaani mfalme aliyeshindwa kuitii sheria ya dini hakuitupa. Aliigeuza silaha.

Huku Ukambani hatukuwa na wafalme. Hata Masaku, ambaye mji huu umebeba jina lake, hakuwa na kiti cha enzi. Hukumu ilikuwa ya wazee, atumia, na mtu hakuingia barazani kwa kujitangaza. Alipanda ngazi kwa ngazi akitoa mbuzi na kuketi miaka mingi akisikiliza kabla ya kusema, mpaka afike kwenye nzama, baraza la kuamua mashauri, na mwisho kwa atumia wa ithembo, waliotunza mahali pa kutolea sadaka. Sheria na ibada vilikaa kwa watu wale wale, na kesi ikishindikana kwa ushahidi ilipelekwa kwenye kiapo cha kithitu, kilichoogopwa kwa sababu madhara yake hayakumpata mwapaji peke yake bali yaliwafuata na jamaa zake. Hakukuwa na mzee wa kukitengua kithitu kwa cheo chake. Simaanishi kwamba wazee wale hawakukosea. Nasema tu kwamba mwenye madaraka alijifunza sheria kwanza, akapewa sauti baadaye.

Ukoloni uliugeuza mpangilio huo juu chini. Kampuni ya Waingereza iliweka kituo chake hapa Machakos mwaka 1889, na kufikia 1902 palikuwa na sheria ya kuteua wakuu wa vijiji waliowajibika kwa serikali. Chifu wa namna hiyo alipewa uwezo wa kuwaamuru watu bila kupitia ngazi yoyote ya wazee. Bosi wake alikuwa ofisa wa wilaya. Tabia ya kuona cheo kama kitu kinachotoka juu, kisichodai mtu ajifunze chochote, haikuondoka na bendera ya Mwingereza.

Pwani na Zanzibar wana kisa chao, chenye pande mbili. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, alikuwa Ibadhi, na raia wake wengi Waislamu walikuwa Shafii. Aliithamini elimu ya sheria. Alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu, na miongoni mwa vilivyochapwa ni vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi. Palikuwa na makadhi wa madhehebu yote mawili, hivyo Mshafii aliweza kuhukumiwa kwa madhehebu yake. Huo ni utawala unaoheshimu sheria kuliko matakwa ya mtawala. Lakini Barghash huyo huyo, mwishoni mwa enzi yake, alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni wa Kishafii, kwa sababu ya kuyapinga mafundisho ya Kiibadhi. Sheikh aliachiliwa baada ya Barghash kufa. Mwanawe, Sheikh al-Amin bin Ali, akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Ni mtawala yule yule na vitabu vile vile. Tofauti iko kwenye nani anayefungwa na sheria.

Ndiyo maana Katiba yetu ya 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba dola haina dini, na muumini asiwe na wasiwasi kwa hilo. Mwaka ule makanisa mengi yaliipinga rasimu, mahakama za kadhi zikiwa moja ya sababu. Ukisoma Kifungu cha 170 kwa utulivu, utaona mahakama hizo zina mipaka: ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kusikizwa huko. Na kadhi mwenyewe hateuliwi bila elimu ya sheria ya Kiislamu. Laiti vyeo vingine navyo vingedai elimu ya kitabu ambacho mtu anakiapia!

Kiongozi Mkristo wa Machakos, basi, ana nakala mbili za kuandika. Ya kwanza ni Katiba, ambayo inambana yeye na raia wote. Sura ya Sita inakaribia sana zile aya saba: madaraka ni dhamana ya wananchi, zawadi anayopewa ofisa wa dola katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri, ofisa wa kudumu asiwe na kazi nyingine ya kumpa mapato. Ya pili ni sheria ya dini yake. Hiyo inamdai yeye mwenyewe, nyumbani na ofisini, bila kumpa ruhusa ya kumlazimisha jirani asiyeamini.

Lakini ni nani anayeikagua nakala ya pili? Torati iliwataja makuhani kwa sababu hiyo. Mishna, kitabu cha mapokeo ya sheria ya Kiyahudi, inasimulia kwamba kwenye usomaji wa Torati hadharani uliofanywa kila baada ya miaka saba, Mfalme Agripa alisoma akiwa amesimama, na alipofika penye katazo, katika aya zile zile saba, la kuweka mgeni kuwa mfalme, akalia, maana nasaba yake ilikuwa na ugeni. Walimu wakamfariji wakisema yeye ni ndugu yao. Talmudi, ufafanuzi wa Mishna, inalihesabu tendo lile kuwa kosa zito: walimsifia mfalme mahali ambapo sheria ilikuwa ikisema naye. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto, Kayole, wengi walilichukulia kama siasa. Mimi naliona ni suala la nakala. Mchungaji aliyejengewa ukuta wa kanisa na mheshimiwa atamwambiaje kwamba ameruka aya?

Uchaguzi wa 2027 unakuja, na wagombea watapewa maikrofoni makanisani na misikitini, kutoka Kangundo hadi Mwala. Mwenye kibali cha kuwapa maikrofoni ana kibali pia cha kuwauliza, mbele ya waumini: katika kitabu unachokishika, ni amri gani iliyowahi kukunyima kitu ulichokitaka, na ulikiacha lini?