UZI: Bikoni ya mpaka, kibao cha barabarani na swali la "nani mwenyeji?"

1/ Kila msimu wa siasa huku kwetu Isebania, lazima mtu ashike maiki aseme: "Wale ni wa kuja, wenye eneo ni sisi." Ukimbana alete ushahidi, atakuonyesha bikoni ya mpaka ama kibao cha historia kando ya barabara. Mimi nasomea sayansi ya siasa na nimekulia hapa mpakani, kwa hivyo hebu tuangalie hivyo vitu vinasema nini hasa. Twende polepole.

2/ Tuanze na bikoni. Mstari unaotenganisha Isebania na Sirari ulichorwa Ulaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana uanzie mdomo wa mto Umba kule Pwani, uzunguke Kilimanjaro, halafu unyooke hadi pale latitudo ya digrii 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mwaka 1890 wakaurefusha kuvuka ziwa.

3/ Soma tena hapo: latitudo. Kwa upande wetu hawakufuata mto, kilima wala ukoo. Walifuata rula. Wapimaji walikuja kuusimika mstari ardhini baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na walikuta Abakuria wanalima na kuchunga pande zote mbili.

4/ Ndio maana Abakira, Abagumbe, Abairege na Abanyabasi wako Kenya na wako Tanzania. Shangazi yuko Tarime, mpwa yuko Kehancha, na matanga ni yaleyale. Kwa hivyo bikoni inakuambia umesimama chini ya serikali gani na ushuru unalipa wapi. Haikuambii nani alitangulia kufika, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyofika mwisho.

5/ "Sasa unataka tung'oe bikoni?" La, tusipotoshane. Julai 1964, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Cairo uliazimia mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe. Hesabu yao ilikuwa rahisi: ukisogeza jiwe moja, kila jirani atakumbuka lake. Mpaka ni halali. Ila uhalali wa mpaka ni jambo moja, na historia ya watu ni jambo lingine.

6/ Na uraia je? Katiba ya 2010, kifungu cha 14: ukizaliwa na mama au baba ambaye ni raia wa Kenya, wewe ni raia, uwe umezaliwa ndani ya nchi au nje. Hakuna mahali pameandikwa ukoo, lafudhi, ama shamba lenu liko mita ngapi kutoka kwa bikoni. Mtu akikwambia "rudi Tanzania" kwa sababu ya jina lako, hiyo si sheria. Ni kampeni.

7/ Sasa tuje kwa vibao. Kaunti yetu ya Migori ina Thimlich Ohinga: kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, zingine zinapita mita 4 kwenda juu. Inakadiriwa zilijengwa karne ya 16. Ilitangazwa mnara wa kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

8/ Kila upande ungependa kusema "tulijenga sisi." Lakini watafiti wanaeleza kwamba watu wa asili ya Kibantu na wa asili ya Kiniloti walipokezana pale kwa vizazi. Aliyekuja baadaye hakubomoa. Alikarabati ukuta, akaingiza ng'ombe, akaishi. Hebu fikiria hilo likisemwa kwenye mkutano wa hadhara badala ya "wageni watoke".

9/ Vuka uende Homa Bay, karibu na Kendu Bay, kuna ziwa la Simbi Nyaima. Wazee husimulia kwamba bibi mmoja mzee alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, akaomba hifadhi, wakamfukuza. Usiku mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Jiolojia ina maelezo yake kuhusu ziwa lile. Lakini angalia stori inahukumu nani: haimhukumu mgeni, inamhukumu mwenyeji aliyemnyima mahali pa kulala.

10/ Basi kwa nini stori kama hizi hazifiki kwenye mjadala? Kwa sababu kibao kina nafasi ya mistari michache, na anayelipia rangi ndiye huchagua mistari. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kitaifa minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Makavazi na shughuli za kitamaduni ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia "hiyo si kazi yetu", muulize: ni ipi kati ya hizo mbili?

11/ Maswali ya kubeba wakati wa vikao vya umma vya bajeti ya kaunti:
– Pesa za utamaduni mwaka huu zimeenda wapi, kwa jina la mradi?
– Maneno ya kibao yanaandikwa na nani, na wazee wa jamii zipi waliulizwa?
– Yako kwa lugha gani? Igikuria, Dholuo na Kiswahili zimo, ama ni Kiingereza cha watalii tu?
– Wazee wanarekodiwa sasa, ama tunangoja tuwazike kwanza?

12/ La mwisho, kwa wale wa "historia haileti unga mezani". Hapa mpakani, neno "mgeni" linaweza kukuzungusha ofisini ukitafuta kitambulisho, likakunyima kibanda sokoni, na siku mbaya likakuchomea nyumba. Anayeshika stori ya nani alifika kwanza ameshika kiberiti. Mtu akiitaja tena jukwaani, mwambie alete ushahidi, na ausome wote.