Samaki Akiugua Kidimbwini, Tibu Maji Kwanza

Mfugaji anafika kidimbwini alfajiri na kuwakuta tilapia wamejaa juu ya maji, midomo nje, wakihema. Mmoja ana kidonda ubavuni. Mwingine ameota kitu cheupe kama pamba mkiani. Wengi huuliza papo hapo ni dawa gani inunuliwe. Lakini kwa samaki wa kidimbwini, mara nyingi kinachohitaji kutibiwa kwanza ni maji.

Kuchelewa au kukosea kuna gharama. Vidimbwi vingi nchini vilichimbwa kuanzia mwaka wa 2009 chini ya mpango wa serikali ya kitaifa wa kufufua uchumi, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Kidimbwi cha kiasi hicho hubeba takriban samaki 1,000. Hiyo ni karo, ni kitoweo cha nyumbani na ni miezi mingi ya kununua chakula cha samaki. Tatizo linaloonekana kwa samaki watatu leo linaweza kuwafikia wote kabla ya wiki kuisha.

Kwa nini maji?

Samaki hupumua, hula na hutoa uchafu wake katika maji yale yale. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza chini ya kidimbwi, hutoa amonia inayochoma matamvua, yaani viungo vya kupumulia vilivyo chini ya mashavu. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni, bali huitumia pamoja na samaki. Ndiyo maana oksijeni hupungua zaidi kuelekea alfajiri. Samaki aliyedhoofishwa na maji mabaya hushindwa kupigana na bakteria na kuvu ambao huwa wamo kidimbwini siku zote.

Kusoma dalili

Kabla ya kugusa samaki, mfugaji aangalie jinsi wanavyougua.

Ikiwa wengi wanahema juu ya maji alfajiri, na wanaokufa kwanza ni wale wakubwa, oksijeni imepungua. Tahadhari: kambare huja juu kuvuta hewa hata akiwa mzima, kwa hivyo dalili hii ni ya kuangaliwa kwa tilapia.

Ikiwa wamekufa ghafla wakubwa kwa wadogo, pamoja na vyura na wadudu wa majini, huenda sumu imeingia. Mfugaji achunguze kama kuna shamba la jirani lililonyunyiziwa dawa, au kama kuna mtu aliyeoshea bomba la dawa kwenye mtaro unaoleta maji.

Ikiwa wanakufa wachache kila siku, wakiwa na vidonda, mapezi yaliyolika, macho yaliyotokeza au tumbo lililovimba, huo huenda ni ugonjwa wa kuambukiza.

Matamvua ya samaki mzima ni mekundu. Yakiwa yamepauka au yana rangi ya kahawia, kuna shida ya maji au ya ugonjwa.

Hatua za siku ya kwanza

Kwanza, chakula kisimamishwe. Samaki mgonjwa hali, na chakula kinachobaki huongeza uozo. Tilapia mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula asidhurike. Mbolea ya samadi nayo isitiwe.

Pili, maji safi yaingizwe. Ni vyema kutoa sehemu ya maji ya chini, ambako uchafu umetulia, kisha kujaza mapya. Maji yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Asiye na mfereji anaweza kuteka kwa ndoo na kumwaga kwa nguvu, au kutumia pampu kurusha maji ya kidimbwi hewani. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku nzima kabla ya kutumiwa. Ikishukiwa kuwa sumu imepitia kwenye mtaro, mtaro huo uzibwe na maji yatolewe kwingine.

Tatu, samaki waliokufa waondolewe wote. Mzoga mmoja unaooza hula oksijeni na kueneza maradhi.

Nne, rangi ya maji ipimwe kwa mkono. Mfugaji azamishe mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, maji ni mazito mno na yanahitaji kupunguzwa.

Samaki aliyejeruhiwa

Majeraha mengi hutokana na wavu mkavu, mikono mikavu, ndege kama korongo na mdiria, au kambare wakubwa kuwauma wadogo. Ngozi ya samaki imefunikwa na ute unaomkinga. Ute ukifutika, kuvu hupata mlango. Hatari huongezeka msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti katika nyanda za juu, kwa sababu tilapia hudhoofika maji yanapopoa.

Samaki kama huyo ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa na kutengwa katika pipa au tangi lenye maji safi ya joto sawa na la kidimbwi, mahali penye kivuli. Chumvi ya kawaida ya kupikia husaidia. Kwa kuogesha, gramu 10 huyeyushwa katika kila lita moja, yaani gramu 200 kwa ndoo ya lita 20. Samaki akae humo kwa dakika 10 hivi huku akiangaliwa, na akianza kulala ubavu atolewe mara moja. Katika pipa la kumtunzia, gramu 2 kwa lita zinatosha, yaani gramu 200 kwa pipa la lita 100. Nusu ya maji ibadilishwe kila siku, na maji mapya yatiwe chumvi kwa kipimo hicho hicho.

Kumwaga chumvi kidimbwini hakufai. Kidimbwi cha mita 300 za mraba chenye kina cha mita moja kina lita 300,000. Hata kwa gramu moja tu kwa lita, zitahitajika kilo 300 za chumvi.

Yasiyofaa kufanywa

Vidonge vya binadamu na dawa za kuku visitiwe majini wala kwenye chakula cha samaki. Kiua vijasumu kinachotumiwa ovyo huzalisha bakteria sugu, na mabaki yake humfikia mlaji. Magonjwa ya virusi hayatibiki kwa dawa hizo. Dawa ya samaki itolewe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, na samaki waliotibiwa wasiuzwe kabla ya muda aliouweka kuisha.

Samaki wagonjwa wasitupwe mtoni wala kupewa jirani. Kidimbwi kimoja kinaweza kuambukiza mto mzima. Wavu uliotumika uoshwe na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa kabla ya kuazimwa.

Asiyeokolewa

Samaki asiyeweza tena kujisimamisha majini, au ambaye kidonda kimefika kwenye nyama, hapaswi kuachwa ateseke. Pigo moja zito kichwani humaliza mateso yake haraka. Waliokutwa wamekufa na wale wenye vidonda wasiliwe wala kuuzwa, bali wazikwe katika shimo refu mbali na maji na kunyunyiziwa chokaa. Kumtoa mmoja mapema ni kuwalinda mamia waliobaki.

Kumwita afisa

Huduma za uvuvi ziko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Mfugaji awasiliane na afisa wa uvuvi au daktari wa mifugo kupitia ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo ikiwa vifo vinaendelea kwa siku ya pili, au mara moja ikiwa wengi wamekufa kwa pamoja. Samaki wawili au watatu walio hai lakini wanaoonyesha dalili, katika maji yao wenyewe, humfaa mtaalamu kuliko mzoga uliooza. Chupa safi ya maji ya kidimbwi, picha za simu na daftari la idadi ya vifo na chakula kilichotolewa humsaidia kupata chanzo mapema.

Anayepita kidimbwini kila alfajiri, hata kwa dakika tano, huwaona wanaohema wakiwa bado wachache.