Mashine Isipokuona, Usiombe Radhi

Hivi karibuni baadhi ya familia zetu zilialikwa katika jumba moja la sanaa kujaribu chumba kinachogeuza mwendo wa mwili kuwa sauti na picha. Chumba hicho kilikuwa hakijafunguliwa kwa umma. Waundaji walitaka kwanza kuona jinsi watu watakavyokitumia. Nasi tulikwenda, wakubwa kwa wadogo.

Ufundi wake waelezeka. Kamera hutazama chumba, na kompyuta hulinganisha kila picha na ile iliyoitangulia. Pale picha mbili zinapotofautiana, kompyuta huhesabu kwamba pana mwendo, kisha hutoa sauti na kuchora rangi ukutani. Watoto waliporukaruka, chumba kizima kilivuma.

Ndipo akaingia bibi mmoja wa jumuiya yetu, amevaa buibui jeusi, na nyuma yake limetundikwa pazia jeusi. Akainua mkono taratibu. Kimya. Akainua tena. Kimya. Akamgeukia kijana aliyeshika daftari, akasema, "Niwie radhi mwanangu, nadhani nimekiharibu." Kijana akaandika kwamba mgeni huyu hakuelewa.

Mjukuu wake akamtupia kanga ya manjano mabegani. "Jaribu tena, Bibi." Mkono ulipoinuka, chumba kikaitika. Kumbe weusi juu ya weusi haukuipa kamera tofauti ya kuiona.

Jambo hili si geni. Msanii wa Kanada, David Rokeby, ambaye kazi yake Very Nervous System ilionyeshwa katika maonyesho ya Venice mwaka 1986, amesimulia kisa cha majaribio yake ya awali. Alikuwa ameunda mtambo wa namna hii, nao ukimwitikia vyema kila alipocheza mbele yake. Watu wengine walipoingia, haukuwaitikia ipasavyo. Alipochunguza, aligundua kwamba katika muda wa kuuunda, mwili wake mwenyewe ulikuwa umezoea kwenda kwa mishtukomishtuko ambayo kompyuta iliitambua kwa urahisi. Alidhani ameufunza mtambo, kumbe nao ulikuwa ukimfunza yeye.

Aliona pia kwamba mgeni akisikia sauti hurudia ishara ileile ili kuuliza, "Je, ni mimi?" Lakini mkono unaouliza hauendi sawa na mkono ulioanza, sauti hubadilika, na mgeni huondoka akiamini kwamba mtambo haumsikii.

Basi tunayo sababu ya kulisema hili. Wazee wetu wamezoea kuomba radhi ugenini: mbele ya dirisha la ofisi, mbele ya fomu, mbele ya mlango usiofunguka. Lakini siku ya majaribio, kinachopimwa ni kitu, wala si mtu. Anayeondoka kimya humnyima muundaji habari aliyomwitia, na kosa hubaki kumngojea mwenzake.

Tunawasihi, mkialikwa tena, nendeni na mavazi yenu na mwendo wenu wa kila siku. Semeni mlichotarajia na kilichotokea, kwa Kiswahili ikibidi, na vijana wafasiri.

Tulipomweleza kijana habari ya kanga, alilifuta lile neno lake. Mahali pake akaandika: pazia.