Tukisema "tungekuwa Wakanda" tunasema nini? Filamu Black Panther na sifa zake



Kila mara mazungumzo yetu yakifika kwenye madini, ni lazima mutu mmoja aseme: "Sisi na hii utajiri yote, tungekuwa Wakanda." Wakanda ni inchi ya kubuniwa katika filamu Black Panther iliyotoka mwezi wa pili mwaka 2018. Watu waliisifu mbele ata ya kuiona. Sasa miaka imepita na ule moto umepoa, kwa hiyo tunaweza kuuliza kwa utulivu: zile sifa ilizistahili ao hapana?

Tuanze na sababu ya ile shauku. Mfalme T'Challa, ndiye Black Panther, alibuniwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, katika vitabu vya picha vya Marvel. Shujaa mweusi kwenye sinema hakuwa kitu kipya: Wesley Snipes alicheza Blade mwaka 1998. Lakini filamu ya aina hii yenye karibu wachezaji wote weusi, mwongozaji mweusi Ryan Coogler, na bajeti ya dola karibu milioni 200, ile watu walikuwa hawajaona bado. Kule Harlem, New York, watu walichangisha pesa ili watoto waende kuiona. Kisumu, inchini Kenya, waliifanyia sherehe juu Lupita Nyong'o ni mtoto wao.

Kwa upande wa macho na masikio, filamu ilitimiza ahadi. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Ilishinda Oscar tatu: ya mavazi (Ruth E. Carter), ya mapambo ya mahali (Hannah Beachler) na ya muziki (Ludwig Göransson). Ilikuwa pia filamu ya kwanza ya mashujaa wa namna hii kuteuliwa kwa Oscar ya filamu bora. Na kazi inaonekana kweli: blanketi za Wasotho, kofia za wanawake wa Kizulu, rangi nyekundu ya Wahimba. Göransson alienda Senegal akafuatana na Baaba Maal mbele ya kuandika muziki. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa cha Afrika ya Kusini, ambacho mzee John Kani, aliyecheza mfalme T'Chaka, anakizungumza tangu utoto. Ni kweli sehemu kubwa ilipigwa picha Atlanta, na zile desturi zimechanganywa kama mboga katika chungu kimoja. Lakini heshima iko, na ile haikuwa kawaida ya Hollywood kwa Afrika.

Kwa upande wa hadithi, ni nusu. Pigano la mwisho, kwenye njia ya treni chini ya ardhi, ni picha za kompyuta ambazo zinafanana na mchezo wa video. Shida kubwa zaidi ni adui, Killmonger, anayechezwa na Michael B. Jordan. Anauliza: Wakanda ilikuwa na nguvu yote hii, mbona ilijificha wakati weusi wengine wanateswa? Swali lake ni zito kuliko majibu ya mfalme. Waandishi waliona ile hatari, ndiyo maana wanamfanya amwue mpenzi wake mwenyewe, ili sisi watazamaji tuache kumuunga mkono. Ni njia rahisi ya kushinda mabishano.

Kuna pia jambo ambalo Mkongomani hawezi kulipita tu. Mmoja wa watu wazuri wa filamu ni Everett Ross, mtumishi wa CIA. Mwishoni anasaidia kuangusha ndege zilizobeba silaha, na tunaombwa kumshangilia. Sisi tunajua kwamba mwaka 1960 CIA ilituma sumu mpaka Léopoldville ili Lumumba auawe. Hiyo si masimulizi ya mtaani, kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe iliiandika mwaka 1975. Ile sumu haikutumiwa. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na Wabeljiji walikuwapo. Filamu inagusa ile historia kidogo: Ross mwenyewe anaeleza kwamba Killmonger alifundishwa na Marekani kazi ya kuvuruga serikali za wengine. Anasema, kisha filamu inaendelea kama hakuna kitu kilichosemwa.

Sasa turudi kwa neno letu, "tungekuwa Wakanda". Watu wengi wanafikiri utajiri wa Wakanda ni jiwe, ile vibranium. Jiwe sisi tunalo. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Leo karibu asilimia 70 ya cobalt ya dunia inachimbwa kwetu, lakini kazi kubwa ya kuisafisha inafanyika China. Wakanda haiuzi jiwe kwa magunia. Ina Shuri, dada wa mfalme, na laboratwari yake: jiwe linakuwa dawa, nguo, treni. Hapo filamu ina haki kabisa, na sisi wenye diploma ndio tungepaswa kuisikia ya kwanza. Inakosa kitu kimoja tu: mgodi tunaoonyeshwa ni safi, unang'aa, na yule anayechimba hatumjue ata kwa jina.

Lakini angalieni namna Wakanda inaanguka. Killmonger anafika kutoka inje, anamshinda mfalme kwa kupigana, na siku ileile jeshi, silaha na madini yote ni yake. Okoye, mkuu wa walinzi, anajua kwamba jambo ni baya. Anabaki, juu aliapa kutumikia kiti cha ufalme, awe nani anayekikalia. Wazee wa baraza wananyamaza. Kisha mfalme mpya anaagiza ile bustani ya majani ya nguvu ichomwe, ili pasiwe na mwingine nyuma yake. Inchi yenye sayansi kuliko zote duniani inapotea kwa siku moja, juu kila kitu kilifungwa kwenye kiti kimoja.

Hii ndiyo sehemu ya filamu inayotuhusu kuliko vibranium, na ndiyo ambayo filamu inaikimbia. Dawa inayotoa ni kumrudisha mfalme mwema. T'Challa anashinda, anabadilisha siasa ya inchi, anafungua kituo cha msaada Oakland, mambo yanaisha vizuri. Hakuna anayeuliza: kesho akija mwingine mwenye mikono yenye nguvu, ni sheria gani itamzuia?

Basi jibu langu ni hili. Kama ulitafuta uzuri na heshima, Black Panther ilikupa. Kama ulitafuta mfano wa inchi yenye madini inayosimama, ilikupa nusu: ilionyesha kwamba jiwe bila elimu ni mzigo tu, lakini ilituambia tungojee mfalme mwema. Sisi Wakongomani tumengoja wafalme wema mara mingi, na kila aliyekuja alikuta kiti ni kilekile. Siku nyingine mutu akisema "tungekuwa Wakanda", tumuulize anataka ipi: laboratwari ya Shuri, ao kile kiti?